Wiki ya 26 na Bahari ya Kusi: Sindano ya Kukinga VVU, Inavyofanya Kazi na Inapokwama

Chupa ya vidonge vya PrEP inalia. Itie mkobani upande boti ya Mokowe kwenda Faza, visiwani Lamu, na kila wimbi likipiga, vidonge vinagonga plastiki na abiria wa pembeni anasikia. Hana njia ya kujua kama ni dawa ya kujikinga au ni dawa ya mtu aliyekwisha kuambukizwa. Chupa ni nyeupe zile zile, na mara nyingi mlango zinakotolewa ni ule ule. Wapo wanaotia pamba ndani ili vinyamaze. Wapo wanaovihamishia kwenye karatasi, na unyevu wa pwani unaviharibu kabla mwezi haujaisha. Wengi huamua kuviacha nyumbani. Sauti hiyo ndogo inaeleza mambo mengi kuhusu utafiti wa miaka kumi na tano iliyopita.

PrEP ni dawa anayotumia mtu asiye na virusi vya UKIMWI (VVU) ili visishike vikiingia. Si chanjo. Haiufundishi mwili kupigana, bali dawa yenyewe inakuwa imeshakaa mwilini kabla virusi havijafika, na ikiisha, kinga imeisha. Kidonge cha kila siku kina tenofovir miligramu 300 pamoja na emtricitabine miligramu 200 au lamivudine miligramu 300. Mwanamke anahitaji kukimeza siku saba mfululizo ndipo akitegemee. Marekani ilikiidhinisha Julai 2012, Shirika la Afya Duniani likakipendekeza 2015 kwa kila aliye katika hatari kubwa, na Kenya ikaanza kukitoa kitaifa Mei 2017.

Je, kinafanya kazi? Utafiti wa Partners PrEP ulifuatilia jozi 4,747 za wenza Kenya na Uganda, mmoja akiwa na virusi na mwenzake hana. Matokeo yaliyochapishwa 2012 yalionyesha kuwa mchanganyiko wa tenofovir na emtricitabine ulipunguza maambukizi kwa asilimia 75. Lakini angalia walikuwa kina nani. Mume na mke walijua hali ya kila mmoja, wakaenda kliniki pamoja, na chupa ikakaa mezani bila kufichwa. Utafiti mwingine, FEM-PrEP, uliokuwa na kituo Bondo, ulisitishwa Aprili 2011 kwa sababu wanawake waliopewa dawa waliambukizwa karibu sawa na waliopewa kidonge kisicho na dawa. VOICE, uliohusisha wanawake 5,029 Afrika Kusini, Uganda na Zimbabwe, ulileta jibu kama hilo 2013. Damu ilipopimwa, dawa ilionekana katika chini ya theluthi ya sampuli. Wengi hawakuwa wakimeza.

Hapo ndipo mijadala ilipopotoka. Ilisemwa kuwa wanawake wa Afrika hawawezi kumeza dawa kila siku, wakati mamilioni ya wanawake hao hao humeza vidonge vya uzazi wa mpango au dawa za kupunguza makali mwaka baada ya mwaka. Shida ilikuwa chupa. Msichana anayelala chumba kimoja na dada zake watatu, au mke ambaye mumewe atauliza «unajikinga na nani?», anamiliki kidonge lakini hamiliki mahali pa kukiweka. Watetezi wa afya ya wanawake walilisema hili kwa sauti, na wakadai kinga ambayo mtu anaingia nayo nyumbani bila kubeba kitu.

Pete ya dapivirine ilikuja kwanza: duara laini la silikoni lenye miligramu 25 za dawa, ambalo mwanamke huliweka mwenyewe ukeni na kuliacha siku 28. Kinga yake katika majaribio makubwa mawili ya 2016 ilikuwa karibu asilimia 30, na Shirika la Afya Duniani liliipendekeza Januari 2021. Ikafuata cabotegravir, sindano ya mililita 3 kwenye msuli wa tako: ya kwanza, ya pili baada ya wiki nne, kisha kila wiki nane. Jaribio la HPTN 084, lililofanyika nchi saba za Afrika, Kenya ikiwemo, lilikatizwa mapema Novemba 2020 kwa sababu maambukizi kwa waliochomwa yalikuwa pungufu kwa karibu asilimia 89 kuliko kwa waliopewa vidonge. Dawa nzuri. Kwa mtu wa kisiwa cha Kiwayu, hata hivyo, kila wiki nane ni safari sita au saba za boti kwa mwaka.

Ndiyo maana lenacapavir, sindano ya mara mbili kwa mwaka, imezua matumaini makubwa. Virusi vya UKIMWI hubeba chembe zao za urithi ndani ya gamba la protini liitwalo kapsidi. Gamba hilo lazima lisafiri zima hadi kwenye kiini cha seli, lifunguke kwa wakati wake, na baadaye lijengwe upya kwa virusi vipya. Lenacapavir hunasa kwenye gamba na kulikaza, kwa hiyo huharibu kuingia, kufunguka na kujengwa. Tena haiyeyuki haraka. Ikichomwa chini ya ngozi hutuama kama tone nene na kuachia dawa kidogo kidogo kwa nusu mwaka.

Matokeo ya PURPOSE 1, jaribio kubwa la dawa hii, yalitangazwa Juni 2024. Walikuwa wanawake na wasichana 5,338 wa miaka 16 hadi 25, Afrika Kusini na Uganda. Kati ya 2,134 waliopewa lenacapavir, hakuna hata mmoja aliyeambukizwa. Kati ya 1,068 waliopewa vidonge vya kawaida vya PrEP waliambukizwa 16, na kati ya 2,136 waliopewa aina mpya ya vidonge waliambukizwa 39. Msomaji makini atauliza: bila kundi lisilo na dawa yoyote, sifuri hiyo inalinganishwa na nini? Kumnyima mtu kinga inayojulikana ili kuona kama ataambukizwa ni jambo ambalo watafiti na jamii walikubaliana haliwezekani tena. Badala yake, watafiti waliwapima wote waliojitokeza mwanzoni, wakakadiria ni wangapi walikuwa wameambukizwa karibuni. Hesabu ikaonyesha kuwa kila watu 100 wakikaa mwaka mmoja bila kinga, 2.41 huambukizwa. Kipimo hicho ndicho kilichosimama mahali pa kundi lisilo na dawa. Makundi ya vidonge hayakuwa mbali nacho, na vipimo vya damu vikarudia habari ya 2011: vidonge havikumezwa.

Jaribio hilo lilifanya pia jambo ambalo wanawake walilidai kwa miaka: waliopata mimba katikati ya utafiti hawakuondolewa. Zamani mjamzito alitolewa, kisha dawa ikaingia sokoni na yeye akaambiwa asubiri kwa kuwa «hakuna ushahidi».

Sasa tuingie chumba cha muuguzi. Kwanza ni kipimo cha VVU, na hapa kuna habari njema kwa visiwa. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani uliotolewa Kigali tarehe 14 Julai 2025 unasema kipimo cha haraka cha tone la damu kinatosha kuanza na kuendelea. Hakuna haja ya kupeleka sampuli maabara kubwa kutafuta chembe za virusi. Zahanati yenye muuguzi mmoja inaweza kufanya kazi hii.

Akiwa hana virusi, mtu huchomwa miligramu 927, zilizogawanywa katika sindano mbili za mililita 1.5, chini ya ngozi ya tumbo, mbali na kitovu, au ya paja. Siku hiyo hiyo humeza vidonge viwili vya miligramu 300, na kesho yake viwili tena. Hivi vinne vinasahaulika sana, na ni kosa kubwa. Tone lililo chini ya ngozi huachia dawa polepole mno mwanzoni, na vidonge ndivyo vinavyofikisha kiwango cha kinga mapema. Mtu akichomwa Lamu mjini, akarudi Kizingitini na kuvisahau viwili vya pili, atajiona amekingwa na hajakingwa ipasavyo. Akikumbuka, avimeze mara moja. Mwezi wa Ramadhani, siku ya pili vimezwe baada ya futari au wakati wa daku. Kuhusu sindano yenyewe, wanazuoni wengi wa zama hizi wanaona ile isiyo ya lishe haitengui saumu, na anayetaka uhakika amuulize shehe wake au achague kuchomwa usiku.

Dawa haihitaji friji, na hilo limeondoa mzigo mkubwa. Lakini jua inaliogopa. Vichupa vikae ndani ya kisanduku chake hadi wakati wa kuchoma, na kisanduku kisiachwe juu ya sitaha ya boti saa sita mchana. Majimaji yenyewe ni ya manjano na mazito, kwa hiyo husukumwa taratibu. Sindano ikiishia ndani ya ngozi badala ya chini yake, ngozi inaweza kufanya kidonda kibaya hadi kufa nyama. Muuguzi aliyezoea chanjo za msuli anahitaji kufundishwa kwa mikono, si kwa karatasi. Kivimbe kigumu mahali pa sindano ni cha kawaida: zaidi ya nusu ya waliochomwa katika PURPOSE 1 walikuwa nacho, na waliojitoa kwa sababu hiyo walikuwa wachache mno. Ni ile dawa imetuama. Kisiminywe, kisikandwe kwa mafuta ya moto, na asiitwe mkunga wa jirani kukitoa.

Kisha inakuja kalenda. Watu husema «kila miezi sita», lakini hesabu ni wiki 26, kukiwa na nafasi ya wiki mbili mbele au nyuma. Mwanamke wa Siyu akichomwa tarehe 10 Januari, bahari ya kaskazi ikiwa nyepesi, siku yake ya kurudi ni 11 Julai, na mlango umefunguka tangu 27 Juni hadi 25 Julai. Kila mwenyeji wa kisiwa cha Pate anajua Julai ni nini: kusi imekaza, mlango wa bahari umechafuka, na boti ndogo hazitoki siku kadhaa. Hapo sindano yenye matokeo bora kuliko zote inashindwa na upepo. Dawa ya hili ni kuchagua tarehe ya kuanza. Atakayechomwa 20 Septemba, kusi ikipoa, atarudi 21 Machi kabla ya masika, na mzunguko utabaki katika miezi hiyo miwili miaka ijayo. Aliyekwisha kuanza Januari anaweza kusogezwa: arudi wiki ya 24 kila mara, na tarehe zake zitarudi nyuma polepole. Wavuvi wa dago, wanaohama na samaki, wapewe tarehe inayoangukia msimu wakiwa kwao, au kadi itakayopokelewa kituo chochote watakachotia nanga, Malindi, Watamu au Lamu.

Zikipita wiki 28 bila sindano, mtu huanza upya: kipimo, sindano mbili, na vile vidonge vinne. Akijua mapema kuwa atachelewa, anaweza kubebwa na vidonge hadi atakapofika.

Kuacha nako kuna utaratibu. Dawa haitoki mwilini siku ileile. Mabaki yake hudumu mwaka na zaidi, yakizidi kupungua, na kuna kipindi ambapo ni machache mno kumkinga mtu lakini yanatosha kuwafundisha virusi kuikwepa dawa. Katika PURPOSE 2, jaribio la pili la dawa hii, wawili walioambukizwa wakiwa kwenye lenacapavir walikutwa na virusi vyenye badiliko liitwalo N74D, linaloipunguzia dawa hiyo nguvu. Kwa hiyo anayeacha sindano na bado yuko hatarini aingie kwenye vidonge. Jambo jingine la kumwambia muuguzi ni kifua kikuu. Rifampicin huifanya lenacapavir iishe haraka, na anayeimeza atahitaji dozi za ziada au kinga nyingine. Kaswende, kisonono na mimba sindano hii haizuii, kwa hivyo kondomu haijastaafu.

Tuje kwenye pesa, maana fundo kubwa limekaa huko. Bei ya lenacapavir ya kinga ilipotangazwa Marekani Juni 2025 ilikuwa dola 28,218 kwa mtu kwa mwaka, zaidi ya shilingi milioni tatu na nusu za Kenya. Mwaka mmoja kabla, katika mkutano wa UKIMWI wa Munich wa Julai 2024, watafiti wakiongozwa na Andrew Hill wa Chuo Kikuu cha Liverpool walikuwa wamepiga hesabu ya malighafi, kiwanda na faida, wakasema dawa hii ikitengenezwa kwa wingi inaweza kuuzwa dola 40. Wanaharakati waliishika namba hiyo wakaandamana nayo. Oktoba 2024 Gilead, kampuni yenye dawa hii, ikatoa leseni kwa viwanda sita kutengeneza nakala halali kwa ajili ya nchi 120, Kenya ikiwemo. Tarehe 24 Septemba 2025 yakatangazwa makubaliano mawili, moja na kiwanda cha Dr. Reddy's, jingine na Hetero, yote ya India: dola 40 kwa mwaka kuanzia 2027. Ni kama shilingi 5,200.

Bei haikushuka kwa huruma ya mtu. Pwani tumelipitia hili kabla. Mwaka 2001 Cipla, kampuni ya India, ilijitolea kuuza dawa za kupunguza makali kwa dola 350 kwa mwaka, wakati kampuni zenye hataza, yaani haki ya peke yao ya kutengeneza, zilikuwa zikitoza dola 10,000 na zaidi, na mwaka huo huo Kenya ikapitisha Sheria ya Mali ya Viwanda iliyofungua njia ya nakala za bei nafuu. Ikaja sheria ya 2008 dhidi ya bidhaa ghushi, iliyoandikwa kwa upana kiasi kwamba dawa halali ya jeneriki ingeweza kukamatwa kama bandia. Wakenya watatu wanaoishi na virusi walikwenda mahakamani, na tarehe 20 Aprili 2012 Jaji Mumbi Ngugi akaamua kuwa vifungu hivyo vinatishia haki yao ya uhai, utu na afya. Kila chupa ya jeneriki inayotolewa leo hospitali ya Malindi imepita chini ya kivuli cha uamuzi huo.

Leseni ya Gilead yenyewe ina tundu. Argentina, Brazil, Mexico na Peru zilitoa watu wa kujaribiwa katika PURPOSE 2, lakini hazimo katika zile nchi 120, kwa hoja kuwa kipato chao ni cha kati. Mtu ametoa damu yake ili dawa ithibitishwe, kisha jirani yake anaambiwa alipe bei ya tajiri. Ni dhuluma, na watu wa nchi zilizopata hawana sababu ya kuinyamazia.

Na kupata nako kuna ngazi. Januari 2025 Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje. Huduma zilipofunguliwa kiasi mwezi uliofuata, PrEP kwa pesa hizo iliruhusiwa kwa wajawazito na wanaonyonyesha peke yao. Baadaye serikali hiyo na Mfuko wa Dunia wa kupambana na UKIMWI, kifua kikuu na malaria ziliahidi lenacapavir kwa watu milioni 2 kwa miaka mitatu, na Marekani ikawataja tena wajawazito na wanaonyonyesha kuwa kipaumbele chake. Eswatini na Zambia zilipokea shehena za kwanza Novemba 2025, na Kenya imo katika orodha ya nchi za mwanzo. Kina mama hao wanastahili, hilo halina mjadala. Lakini dunia ilikuwa na maambukizi mapya milioni 1.3 mwaka 2024, na wengi wamo katika makundi ambayo kipaumbele hicho hakiyataji.

Malindi inawajua. Heroini imekuwa mjini humo kwa miongo, na methadoni, dawa ya kumsaidia mtu kuacha heroini, ilianza kutolewa huko 2015, miongoni mwa miji ya mwanzo nchini. Utafiti wa Bangkok wa 2013, wenye watu 2,413 wanaojidunga, ulionyesha tenofovir ikipunguza maambukizi kwa asilimia 49, kwa hiyo hoja ya kuwaacha nje haisimami. Tena mtu wa methadoni huja kliniki kila siku. Hakuna mtu katika kaunti nzima aliye rahisi kumpata wiki yake ya 26 ikifika! Ikiwa sindano itawekwa jengo jingine, upande mwingine wa mji, kwenye foleni ya watu wanaomwita teja, hatakwenda. Iwekwe dirisha lile lile, pamoja na sindano safi.

Lamu kikwazo chake ni kingine. Kaunti yenye maambukizi machache hupangwa mwisho dozi zinapokuwa chache, na kwa hesabu ya kitaifa ina mantiki. Ila gharama ya kumfikia mtu mmoja wa Ndau ni kubwa kuliko ya mtu mmoja wa Mombasa, na mgao unaohesabu vichwa hauihesabu bahari.

Hapo wenyeji wana pa kushika. Dawa hununuliwa na taifa na wafadhili, lakini tangu 2013 zahanati, muuguzi na boti ni vya kaunti. Mpango wa mwaka wa kaunti hufikishwa bunge la kaunti kabla ya 1 Septemba, mwelekeo wa matumizi kabla ya 28 Februari, na makadirio ya bajeti kabla ya 30 Aprili, na yote lazima yaende kwa wananchi kutoa maoni. Anayekwenda kikao hicho asiseme «tunataka huduma bora». Aulize lita ngapi za petroli zimetengwa kwa boti ya kliniki kati ya Juni na Agosti, wauguzi wangapi wa Faza, Kizingitini na Kiunga wamefundishwa kuchoma chini ya ngozi, na kama vidonge vinne vya mwanzo vinatolewa ndani ya bahasha isiyolia.